MPISHI MZIMA ALIYEENEZA HOMA YA MATUMBO

Homa ya matumbo huletwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vijidudu hivyo hutoka katika choo cha mgonjwa, huingia katika maji au chakula, kisha huingia kinywani mwa mtu mwingine. Zamani wengi walidhani kwamba mgonjwa akiisha kupona, hatari imekwisha. Habari za mji wa New York, Marekani, zilionyesha kuwa sivyo.

Katika kiangazi cha mwaka 1906, familia ya tajiri mmoja ilipanga nyumba huko Oyster Bay, si mbali na mji huo. Watu 6 kati ya 11 waliokuwamo walishikwa na homa ya matumbo. Maji na maziwa yalipimwa, yakaonekana safi. Ndipo Bwana George Soper, mtaalamu wa usafi, alipoitwa atafute chanzo. Aliuliza: Ni nani aliyeingia nyumbani kabla ya ugonjwa kuanza? Akaambiwa kwamba mpishi mpya, Mary Mallon, aliajiriwa majuma 3 kabla, naye amekwisha kuondoka.

Basi Soper alifuata nyayo za mpishi huyo, nyumba kwa nyumba. Kati ya familia 8 alizozipikia, 7 ziliingiwa na homa. Waliougua ni watu 22. Walakini Mary mwenyewe alikuwa mzima, mwenye nguvu. Alipoombwa mwaka 1907 atoe choo kipimwe, alishika uma wa jikoni akamfukuza Soper. Alichukuliwa kwa msaada wa polisi, akapimwa, na vijidudu vikaonekana.

Mary alitengwa kisiwani. Hakuwa ameshitakiwa kwa kosa lo lote, wala hakusadiki kwamba yeye ndiye sababu ya maradhi. Mwaka 1910 aliachiliwa, akiahidi kutopika tena. Lakini kazi ya kufua nguo ilimpa mshahara mdogo. Akabadili jina, akarudi jikoni. Mwaka 1915 watu 25 waliugua katika hospitali ya wazazi alikopika, na 2 wakafa. Alirudishwa kisiwani, akakaa huko hata kufa kwake mwaka 1938.

Siku zile hapakuwa na dawa ya kumwondolea vijidudu. Siku hizi dawa zipo. Hata hivyo ijulikane kwamba afya ya mwili si ushahidi wa usafi wa mikono. Kila apikaye na anawe kwa sabuni atokapo chooni na kabla ya kushika chakula.