Nyumba ya Bibi: Ya Kujua Kabla Fundi Hajaanza Kubomoa

Tuchukue mfano wa vijana wawili waliofunga ndoa na kuamua kuweka makazi yao Mlandizi. Kiwanja kipya hawana, lakini ipo nyumba iliyoachwa na bibi mzaa baba wa mume. Ni nyumba ya Kiswahili kama zilivyo nyingi katika mji wetu: vyumba sita, vitatu kila upande, na ukumbi unaokwenda moja kwa moja kutoka mlango wa mbele hadi uwani, ambako kuna jiko, choo cha shimo na mwembe mmoja. Kuta ni za miti na udongo, zikapigwa lipu ya saruji miaka ya baadaye. Bati limekula kutu. Vijana hawa wanataka kuunganisha vyumba viwili wapate sebule, kuingiza choo ndani, kubadili paa, na kujenga fremu mbili za duka upande wa barabarani.

Mfano huu umeundwa kwa ajili ya makala haya na haumhusu mtu fulani. Hata hivyo, msomaji wa kata yoyote ya Halmashauri yetu hatakosa kumtambua jirani yake humo, na pengine atajitambua mwenyewe.

Uamuzi wa vijana hawa ni wa busara. Nyumba inayokaliwa hudumu kuliko nyumba iliyofungwa, na kukarabati mara nyingi ni nafuu kuliko kuanza na msingi mpya. Tatizo hujitokeza pale ambapo fundi anaitwa kabla ya maswali muhimu kujibiwa, na swali la kwanza halihusu saruji wala nondo. Nyumba hii ni ya nani?

Mume atajibu kwamba ni ya bibi yake, naye ndiye mjukuu aliyekuwa akimuuguza. Jibu hilo linaeleweka kibinadamu, ila kisheria halitoshi. Mtu anapofariki, mali yake huwa mirathi. Kama bibi aliacha watoto watano, wote watano, au warithi wao, wana haki katika nyumba hiyo hadi mirathi itakapofunguliwa mahakamani, msimamizi ateuliwe na mgawanyo ufanyike. Kukaa ndani ya nyumba kwa miaka mingi, kulipia umeme wake au kubadili bati lake hakumfanyi mjukuu kuwa mmiliki. Shangazi aliyeolewa Morogoro na baba mdogo aliyehamia Kisarawe wanaweza kukaa kimya wakati nyumba ni kuukuu, wakaja kudai sehemu yao siku rangi mpya inapokauka. Tusiwaone wabaya kwa hilo. Haki yao ilikuwapo tangu mwanzo, ila hakuna aliyeizungumzia.

Utaratibu wa kuliweka jambo hili sawa si mgumu kama wengi wanavyodhani. Familia hukaa kikao, hupendekeza msimamizi, na muhtasari wa kikao hicho husainiwa na waliohudhuria. Anayependekezwa hupeleka maombi mahakamani akiwa na cheti cha kifo. Mirathi inayofuata mila au sheria ya Kiislamu huweza kufunguliwa katika Mahakama ya Mwanzo. Msimamizi akishateuliwa, warithi wanaweza kukubaliana kwamba nyumba ibaki kwa mmoja wao naye awalipe wengine thamani ya sehemu zao, au kwamba iuzwe na fedha zigawanywe. Makubaliano hayo yaandikwe. Maneno yaliyosemwa msibani huku watu wakilia hayamlindi mtu yeyote baada ya miaka kumi. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, ambayo pia inawatambua wasaidizi wa kisheria walioko katika jamii.

Hapa yafaa tumgeukie mke, kwa kuwa yeye ndiye husahaulika. Katika mfano wetu, fedha ya bati na ya vigae vya sakafuni itatokana na mgao wake wa kikoba, akiba ya miaka mitatu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haikumwacha. Kifungu cha 59 kinamzuia mwanandoa mmoja kuuza, kuweka rehani au kupangisha nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Kifungu cha 114 kinazungumzia mgawanyo wa mali ndoa inapovunjika. Kinahusisha mali iliyopatikana kwa juhudi za pamoja, na vilevile mali ambayo mmoja alikuwa nayo kabla ya ndoa, iwapo iliendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenzake au na wote wawili wakati wa ndoa. Tena, tangu mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif, Mahakama ya Rufani ilikwishaamua kwamba kazi za nyumbani za mke nazo huhesabiwa kuwa mchango.

Ulinzi huo, hata hivyo, unahusu mali ya wanandoa. Nyumba ambayo bado ni mirathi ya bibi isiyogawanywa ni mali ya warithi wote, na fedha ya kikoba iliyoingia katika kuta zake inaweza kugeuka madai ya kubishaniwa na watu ambao mke huyu hajawahi hata kula nao. Ndiyo maana mwandishi wa makala haya angemshauri binti yeyote anayeombwa kuchangia ukarabati aulize mirathi imefikia wapi kabla hajaitoa fedha yake. Kuuliza hivyo si kukosa adabu kwa wakwe. Wala hakuna ubaya kutunza risiti za vifaa zilizoandikwa jina lake.

Tuseme sasa familia imekubaliana na karatasi zipo. Hatua inayofuata ni kibali. Kazi ndogo za matengenezo, kama kupaka rangi, kuziba bati linalovuja au kubadili kitasa, hazina mashaka. Lakini kubomoa kuta zinazobeba paa, kuongeza vyumba, kujenga upya au kugeuza sehemu ya makazi kuwa ya biashara ni uendelezaji, na ndani ya eneo la mipango miji uendelezaji unahitaji kibali chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007. Mlandizi ni mji mdogo unaopangwa na kupimwa hatua kwa hatua. Uwani ambako bibi alikuwa akianika mpunga panaweza kuwa pamechorwa njia ya mtaa wakati wa urasimishaji. Ni afadhali kuligundua hilo kwenye mchoro kabla fundi hajachimba msingi. Wananchi waishio katika vijiji, ambako ardhi husimamiwa kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, waanzie katika ofisi ya Serikali ya Kijiji.

Zile fremu mbili zinahitaji uangalifu wa pekee. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliweka hifadhi ya barabara kuu na za mkoa kuwa mita 60, yaani mita 30 kila upande kuanzia katikati ya barabara. Kabla ya hapo kipimo cha kawaida kilikuwa mita 22.5 kila upande. Nyumba ya zamani iliyojengwa kihalali nje ya kipimo cha awali inaweza leo kujikuta ndani ya hifadhi, na mwenye nyumba wa namna hiyo ana hoja ya fidia pale eneo litakapotwaliwa. Anayejenga fremu mpya leo ndani ya hifadhi hana hoja hiyo. Barabara ya Morogoro, kwa sehemu zake mbalimbali, ina historia yake ya vipimo, kwa hiyo usitegemee hatua za miguu wala maneno ya fundi. Ulizeni TANROADS kwa barabara kuu, na TARURA kwa barabara za mitaani na vijijini. Kwa walio karibu na Mto Ruvu au vijito vyake, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto.

Sasa tuingie ndani ya nyumba. Nyumba ya miti na udongo husimama kwa namna yake. Miti iliyochimbiwa ardhini ndiyo inayobeba paa, na udongo hujaza nafasi. Lipu ya saruji iliyopakwa juu yake huipendezesha, lakini pia huficha. Mchwa hula miti kimyakimya nyuma ya lipu, na unyevu ulioingia chini hauwezi kutoka. Mwenye nyumba agonge kuta kwa vifundo vya vidole na kuchokonoa lipu sehemu za chini, hasa pembeni na chini ya madirisha. Mlio wa uwazi na udongo unaomeng'enyuka kama unga ni dalili kwamba ukuta huo hautastahimili kuondolewa mwenzake. Kuunganisha vyumba viwili kuwa sebule, katika nyumba ya aina hii, ni kuondoa nguzo kadhaa kwa mpigo. Mara nyingi njia salama ni kujenga kuta za tofali juu ya msingi mpya, upande mmoja baada ya mwingine, na kufunga mkanda wa zege juu kabla ya kupandisha kenchi. Bati jipya lenye umbo la vigae huvutia, lakini kenchi na papi zilizochakaa zisivishwe paa jipya kwa sababu tu bado zinaonekana zimenyooka. Mabonde yetu yana udongo mweusi unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Palipo na udongo huo, nyufa za mshazari ukutani zinazungumzia msingi, na kuziziba kwa lipu hakusaidii.

Jambo moja halisemwi sana. Karibu kila uwani wa zamani una mashimo ya vyoo zaidi ya moja. Shimo lilipojaa lilifunikwa kwa udongo na mbao, likachimbwa jingine, na baada ya miaka ishirini hakuna anayekumbuka la kwanza lilikuwa wapi. Vijana wanajenga jiko au chumba juu yake, mbao zinaoza, sakafu inadidimia. Waulizeni wazee wa mtaa, hasa kina mama waliokuwa wakiingia uwani humo. Wao hukumbuka. Shimo likipatikana, Afisa Afya wa kata aelezwe ili atoe maelekezo ya kulifukia ipasavyo. Choo kipya cha ndani kitahitaji shimo la maji taka lililojengwa vizuri, mahali ambapo gari la kunyonya litafika, na mbali na kisima. Umbali unaoshauriwa kwa kawaida ni mita 30 au zaidi.

Kuhusu umeme, nyaya zilizotandazwa kwa ajili ya taa nne na redio hazikukusudiwa jokofu, pasi na jiko la umeme. Zibadilishwe na fundi mwenye leseni ya EWURA. Mita ya LUKU iliyosajiliwa kwa jina la marehemu ibadilishwe jina katika ofisi ya TANESCO. Kumbukeni pia kwamba tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU. Kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi na kupandishwa hadi 1,500 kuanzia Julai 2023. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Fremu zikipata wapangaji wenye mita zao, pande mbili zikubaliane mapema nani anakatwa, maana hapa ugomvi mdogo huwa mkubwa. Maji ni ya DAWASA, na mtambo wake wa Ruvu Juu uko hapahapa Mlandizi. Kabla ya kuomba kuhamisha bomba au kurejesha huduma, ulizeni kama akaunti ya zamani ina deni.

Wakati mzuri wa kuezua paa ni kuanzia Juni hadi Septemba, baada ya masika na kabla ya vuli. Kwa kuwa mirathi na kibali huchukua muda, anayetaka kuanza kazi Juni asingoje Mei ndipo afike ofisini.

Waombaji wa kibali wafike Idara inayohusika na ardhi na mipango miji katika ofisi za Halmashauri, Mlandizi, wakiwa na nakala ya hati ya umiliki au barua ya utambulisho kutoka kwa Mtendaji, michoro ya kazi inayokusudiwa, na kwa nyumba ya urithi, nakala ya barua ya mahakama ya uteuzi wa msimamizi wa mirathi pamoja na maandishi ya ridhaa ya warithi. Ada hulipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo ya Serikali, kupitia benki au simu. Hakuna mtumishi anayeruhusiwa kupokea ada hiyo mkononi.