Kupima Eksirei za Jua na za Nyota

Katika mtihani wa muhula uliopita tuliulizwa kama Jua hutoa eksirei nyingi kuliko nyota zote. Nalijibu upesi, "Ndiyo," nikapata sifuri. Nilimwendea mwalimu kuuliza sababu, na aliyonifundisha napenda kuwaeleza wasomaji.

Eksirei ni zile zile atumiazo daktari kutazama mifupa. Zitokazo mbinguni huzuiwa na hewa, kwa hiyo sharti chombo cha kuzipimia kipande juu ya hewa. Mwaka 1949 Waamerika walizipima za Jua kwa roketi. Mwaka 1962 roketi nyingine iligundua chimbuko la mbali sana, katika kundi la nyota liitwalo Nge. Likapewa jina Scorpius X-1. Kisha tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya kwanza ya kazi hiyo ilirushwa kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru.

Sasa kosa langu. Kwa vipimo vya huku kwetu, Jua hushinda. Lakini weka kibatari mezani na karabai ng'ambo ya bonde: utasoma kwa kibatari, ingawa karabai ndiyo yenye nguvu. Umbali ukiwa mara mbili, mwanga hubaki robo. Ukiwa mara tatu, sehemu moja ya tisa. Basi mwenye kulinganisha hana budi kuujua umbali kwanza. Mwanga wa Jua hutufikia kwa dakika 8. Wa Scorpius X-1 husafiri miaka ipatayo 9,000. Ukifanya hesabu, utaona kuwa eksirei zake peke yake hupita nguvu yote ya Jua, mwanga na joto pamoja, mara maelfu.

Sababu ni hii. Eksirei za Jua hutoka katika gesi inayolizunguka, yenye joto la nyuzi zaidi ya milioni moja, lakini nyepesi mno. Scorpius X-1 ni mabaki ya nyota, madogo na mazito ajabu, yanayonyonya gesi ya nyota mwenzake. Gesi hiyo ikiporomoka huwaka kwa joto kali.

Alama zangu sikurudishiwa. Lakini wenzangu, mkiulizwa kipi chenye nguvu zaidi, ulizeni kwanza: kiko umbali gani?

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu