Kumwinua Mzee Kitandani: Shilingi ya Kwanza Iende Wapi?

Mama aliyelima mahindi na ulezi maisha yake yote anapofika mahali pa kushindwa kunyanyuka kitandani, watoto huitana. Aliyeko Dar es Salaam au Mbeya hutaka kinunuliwe kitanda cha hospitali. Aliyebaki Laela, mkoani Rukwa, ambaye ndiye anayemwinua mama kila alfajiri, anataka apatikane mtu wa kumsaidia. Wote wanampenda mama. Tatizo ni kwamba familia nyingi huanza na kilicho ghali, na yale yanayomfaa mzee zaidi hubaki bila kuguswa.

Kabla ya kutaja bei, jibuni maswali mawili. Mzee bado anaweza kufanya nini mwenyewe? Na nani anakuwapo nyumbani mchana? Huku kwenye uwanda wa Ufipa mvua ni za Novemba hadi Aprili, na katika miezi hiyo wenye nguvu hushinda shambani. Kifaa kinachohitaji mtu wa pili hakina faida saa nne asubuhi ikiwa mzee yuko na mjukuu wa miaka saba.

Visivyo na gharama, au vya elfu chache

Anzeni na urefu wa kitanda. Pima mguu wa mzee kutoka unyayo hadi nyuma ya goti. Akikaa ukingoni, godoro likiwa limebonyea, paja liwe sawa na goti au juu yake kidogo, na nyayo zote mbili zikanyage sakafu. Kitanda kikiwa chini sana, magoti hupanda na hapati nguvu ya kusimama. Kikiwa juu mno, miguu inaning'inia na anateleza. Watu wengi huinua kitanda kwa matofali ya kuchoma, kwa kuwa yapo kila uwanja. Lakini tofali hupasuka, na mguu wa kitanda huteleza juu yake. Mwambie seremala akate vibao vinne vizito na kuchimba shimo katikati ya kila kimoja, mguu wa kitanda uzame humo. Godoro lililochoka pembeni nalo libadilishwe au ligeuzwe, maana ukingo laini ndio unaowaangusha wengi.

Jambo la pili ni namna ya kuinuka, nayo haina bei. Mzee ajigeuze ubavu, ashushe miguu, ajisukume kwa kiwiko na kiganja mpaka akae. Akae hivyo kidogo, kichwa kitulie, kwa sababu anayesimama ghafla baada ya kulala muda mrefu hushikwa na kizunguzungu. Kisha arudishe miguu nyuma kidogo, ainame mbele, ndipo asimame. Anayemsaidia asimvute mikono wala asimkamate kwapani. Bega la mzee, hasa aliyepata kiharusi, huumia kirahisi. Wala mzee asikushike shingo, utaumia mgongo. Mwambie kabla hujamgusa: "Mama, nakuinua sasa, tuhesabu pamoja: moja, mbili, tatu." Hiyo ni heshima, na pia humfanya atumie nguvu alizo nazo.

Kwa elfu chache kuna vitu vitatu, na kila kimoja kina mtu wake. Kamba nene yenye mafundo, ikifungwa kwenye fremu upande wa miguuni, humwezesha mzee kujivuta akae bila kuita mtu. Inamfaa mwenye mikono yenye nguvu, haimfai aliyepooza upande mmoja, na isiwe na kitanzi kinachoweza kumnasa shingo. Mkanda mpana wenye vishikio pembeni, ulioshonwa na fundi cherehani kwa utepe imara kama wa mabegi, huvaliwa kiunoni juu ya nguo ili msaidizi apate pa kushika. Usitumike kwa mwenye kidonda au mshono tumboni. Khanga au shuka iliyokunjwa chini ya mgongo na mapaja husaidia watu wawili kumtelezesha mzee au kumgeuza. Isitumike kumbeba hewani.

Vya makumi ya maelfu

Hapa kazi ni ya seremala. Nguzo moja ya mbao iliyokazwa kwenye fremu ya kitanda na sakafuni, usawa wa kiuno cha mzee anapokaa, humpa pa kushika anaposimama, hata akiwa peke yake. Itikise kwa nguvu zako zote kabla hajaitumia.

Msiichanganye nguzo hiyo na vizuizi vya pembeni vinavyozungushwa kitandani kama uzio. Kati ya 1985 na 2009, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilipokea taarifa 803 za watu walionaswa kwenye vitanda vyenye vizuizi, na 480 kati yao walikufa. Hatari iko kwenye nafasi kati ya kizuizi na godoro. Mzee aliyeanza kuchanganyikiwa asiwekewe kabisa. Atabanwa, au atajaribu kuruka juu yake.

Kitu cha pili ni kiti chenye tundu na ndoo chini, kwa haja za usiku. Juni na Julai baridi ya uwanda ni kali, na mzee huamka gizani kwenda choo cha nje akiwa na usingizi. Kiti hiki, kikiwa kizito na chenye mikono, kinaondoa safari hiyo nzima. Fremu ya kutembelea ya miguu minne nayo ni nzuri, ila kwenye sakafu ya udongo nunueni isiyo na magurudumu.

Vya mamia ya maelfu kwenda milioni

Kitanda cha hospitali cha kuzungusha kwa mkono huinua kichwa na miguu, na humpunguzia mhudumu kazi kubwa. Kinamfaa mzee asiyeweza tena kukaa mwenyewe na anayehitaji kugeuzwa mara kwa mara asipate vidonda. Kwa anayeweza kusimama akishikwa kidogo, ni pesa iliyolala. Vingi havishuki chini vya kutosha kwa mama mfupi. Cha umeme ni ghali zaidi, na umeme ukikatika huweza kubaki pale ulipokiacha.

Linganisheni na mshahara wa msaidizi. Amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 iliweka kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa ndani anayeishi kwa mwajiri, sawa na 720,000 kwa mwaka, na 120,000 kwa asiyeishi hapo. Viwango hupitiwa upya, ulizeni ofisi ya kazi. Pesa ya kitanda kimoja inaweza kulipa mikono ya mtu kwa msimu mzima wa kilimo, na mikono hiyo hupika, huogesha na huongea na mzee.

Uamuzi

Pesa ya kwanza kubwa iwe nauli. Kutoka Laela hadi Sumbawanga ni kilomita 95 za lami. Mpelekeni mzee hospitali ya rufaa ya mkoa, mwulizieni mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na anayemwinua kila siku aende naye akajifunze. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamtambua mwenye miaka 60 na zaidi kuwa mzee, na wazee wasio na uwezo wana haki ya matibabu bila malipo. Nendeni na kitambulisho chake.

Baada ya hapo, fuateni mpangilio huu: vibao vya kuinulia kitanda, nguzo, kiti cha usiku, halafu msaidizi wa msimu wa mvua. Kitanda cha hospitali kije mwisho, siku ambayo mzee hawezi tena kukaa. Na mnaotuma pesa kutoka mbali, mpigieni simu kwanza yule anayemwinua. Yeye ndiye anayejua kinachokosekana.