Wewe ni wa Nani?

Somo: Danieli 3:1-30

Leo nataka tulitafakari swali moja ambalo kila Mkristo huulizwa wakati fulani katika maisha yake. Swali lenyewe ni hili: Wewe ni wa nani?

Mara nyingi swali hilo haliulizwi na adui. Huulizwa na watu wetu wenyewe: ndugu, majirani, wenzetu kazini, watu tunaokula nao chungu kimoja. Wala hawaji na panga. Huja na maneno laini. Husema, Sisi sote tumekwisha kulifanya jambo hili, mbona wewe hutaki? Ni jambo dogo tu. Je, wewe si mtu wetu?

Katika somo letu, mfalme Nebukadreza alisimamisha sanamu ya dhahabu katika uwanda wa Dura, akawaita wakuu wote wa nchi waje kuizindua. Hakuwaambia Shadraka, Meshaki na Abednego wamkane Mungu wao kwa vinywa vyao. Aliwataka wainame tu wakati muziki unapopigwa, kama watu wengine wote. Kisha wangeweza kuinuka, wakapanguse vumbi magotini na kurudi katika kazi zao nzuri serikalini. Lakini vijana wale waliona kwamba kuinama kule kulikuwa ni jibu. Anayeinama amekwisha kusema yeye ni wa nani.

Angalieni pia kwamba vijana hawa hawakuwa watu wa kupinga kila kitu. Walikuwa wamejifunza elimu ya Wakaldayo. Walikuwa wameitwa kwa majina ya Kibabeli. Walimtumikia mfalme kwa uaminifu katika wilaya ya Babeli. Mkristo mwaminifu si mtu mkaidi anayegombana na desturi zote na kuwadharau majirani zake. Lakini kuna mahali pamoja ambapo hawezi kupita, yaani pale anapotakiwa kumpa mwingine kile kilicho cha Mungu peke yake.

Sasa, wapendwa, tusidhani kwamba mambo haya ni ya Babeli tu. Yamewahi kutokea hapa kwetu Kenya.

Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari. Katika nchi za Wakikuyu, Waembu na Wameru watu wengi walikuwa wanakula kiapo cha kudai ardhi na uhuru. Tuseme kweli: madai yao yalikuwa na haki. Ardhi ilikuwa imechukuliwa, na mwenye nchi alikuwa amefanywa kibarua katika shamba la baba yake. Wakristo wengi waliona uchungu huo huo, na wengi wao walikula kiapo, wengine kwa hiari na wengine kwa kulazimishwa.

Lakini walikuwapo wengine ambao walikataa, hasa wale ndugu wa Uamsho. Uamsho huo ulianza Rwanda na Uganda, ukafika Kenya mwaka 1937. Watu wake walijulikana kwa kutubu dhambi zao waziwazi, kwa kurudisha mali waliyoiba, na kwa wimbo wao wa Tukutendereza. Kiapo kilikula nyama na damu ya mbuzi, usiku, chini ya mlango uliofanywa kwa migomba. Ndugu hawa walipoitwa, walisema kwamba wao wamekwisha kuishiriki damu ya Yesu katika meza yake, nao hawawezi kuichanganya na damu nyingine. Paulo alikuwa amewafundisha Wakorintho jambo hilo hilo, kwamba mtu hawezi kukaa katika meza mbili zinazoshindana.

Kwa jibu hilo wengine walipigwa, na wengine waliuawa. Walihesabiwa kuwa wasaliti wa watu wao.

Basi mtu angedhani kwamba serikali iliwapenda sana. Lakini sivyo. Serikali ilipounda vikosi vya homgadi, iliwataka wachukue silaha na kupigana upande wake. Wengi wa ndugu hao walikataa hilo nalo. Walisema hawawezi kumhubiria mtu upendo wa Kristo mchana na kumwinda kwa bunduki usiku. Kwa hiyo maofisa nao wakawashuku, wakawaona kama watu wasioaminika.

Mnaona, wapendwa? Pande zote mbili ziliwauliza swali lile lile: Wewe ni wa nani? Nao wakatoa jibu lile lile kwa pande zote mbili: Mimi ni wa Bwana. Hapo ndipo tunapoujua uaminifu wa kweli. Kama imani yangu inanifanya nikatae makosa ya wapinzani wangu tu, na kamwe hainifanyi nikatae makosa ya watu wangu, huenda hiyo si imani. Huenda ni upande tu nilioupaka rangi ya imani.

Leo ukifika Murang'a utaliona Kanisa Kuu la Mtakatifu Yakobo na Mashahidi Wote. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1955 na Geoffrey Fisher, Askofu Mkuu wa Canterbury, ili liwe ukumbusho wa Wakristo waliouawa siku zile. Ndani yake mna picha za ukutani zilizochorwa na Elimo Njau, mchoraji aliyezaliwa Tanzania karibu na mlima Kilimanjaro. Katika picha hizo Yesu na watu wanaomzunguka ni Waafrika, na nchi wanayosimama ni nchi ya Murang'a yenyewe. Ni jibu zuri kwa wale waliosema kwamba mtu akiwa wa Kristo ameacha kuwa wa nyumbani.

Huenda unauliza, ndugu zetu wale walipata wapi nguvu ya kusimama? Mimi naona mambo matatu.

Kwanza, walikata shauri mapema. Usiku wa kuitwa haukuwa usiku wa kuanza kufikiri. Danieli naye aliazimu moyoni mwake kabla chakula cha mfalme hakijaharibu dhamiri yake. Mtu anayengoja mpaka mlango ugongwe ndipo aamue, mara nyingi huamuliwa na woga.

Pili, hawakusimama peke yao. Walikutana mara kwa mara, wakaungama, wakaombeana, wakabebeana mizigo. Siku za hatari mahali pengine walikusanyika wakalala pamoja karibu na kanisa au shule. Kuni moja huzima upesi, lakini kuni zilizokusanyika hutunza moto mpaka asubuhi. Mkristo asiyekuwa na wenzake wa kumuuliza habari za roho yake ni rahisi kuchukuliwa.

Tatu, hawakumwekea Mungu sharti. Vijana watatu walimwambia mfalme kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa, na hata asipowaokoa, hawataiabudu sanamu yake. Wao walitoka katika tanuru bila hata harufu ya moto. Ndugu wengine wa Murang'a na Nyeri hawakutoka. Mungu aliyekuwa pamoja na hao wa kwanza alikuwa pamoja na hawa pia. Tusimtumikie Mungu kama mtu anayenunua bima.

Tena, mtihani huo haukwisha na uhuru. Mwaka 1969 viapo vya kikabila vilirudi, na Wakristo wengine waliteswa tena kwa kukataa. Safari hii viongozi wa makanisa walipinga hadharani, na gazeti la Kikristo la Target halikunyamaza. Na baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu wetu walipokuwa wakiuana kwa ajili ya kabila, swali lilikuwa lile lile katika vijiji vingi: Wewe ni mtu wetu au si mtu wetu? Wako waliomficha jirani wa kabila jingine chini ya kitanda. Inasikitisha kwamba wako pia walioimba kwaya Jumapili na kuchoma nyumba Jumatatu.

Na wewe, mpendwa msikilizaji, swali lako litakuja kwa njia gani? Labda uko ofisini, na jioni chai inagawanywa, na bahasha yako imekwisha kuandikwa jina. Usipoipokea, wenzako wataogopa kwamba utawachongea. Labda wewe ni mjane, na wazee wamekaa kikao kuamua utarithiwa na nani. Labda wewe ni mwanafunzi, na wenzako wote chumbani wanajua majibu ya mtihani kabla ya kufika darasani. Hakuna sanamu ya dhahabu hapo wala tanuru. Lakini muziki umepigwa, na watu wanaangalia kama utainama.

Ukikataa, kataa kwa upole. Usijisifu, wala usiwatukane wanaoinama. Wale ndugu waliwaombea waliowapiga, na baada ya vita wengi waliokuwa wamekula kiapo walirudi kanisani wakapokewa.

Nasema hivyo kwa sababu najua kwamba wako wanaonisikiliza ambao wamekwisha kuinama. Sikieni neno hili. Petro hakumkana Bwana mbele ya mfalme. Alimkana mbele ya kijakazi, akiota moto pamoja na watu waliomchukia Bwana wake. Aliogopa tu kuonekana mgeni kati ya wenye kuota moto. Lakini Bwana alipofufuka aliwasha moto mwingine wa makaa, kando ya bahari, akamwita Petro ale, akamuuliza mara tatu kama anampenda. Hakumtupa. Alimrudisha kazini. Na Petro yule yule alisimama baadaye mbele ya Baraza wala hakutetemeka.

Kwa hiyo jibu la leo linaweza kuwa tofauti na la jana. Atakapokuuliza mtu, Wewe ni wa nani, mjibu bila hasira na bila hofu: Mimi ni wa Bwana, na kwa kuwa mimi ni wake, nawapenda ninyi pia.

Na tuombe. Ee Bwana Yesu, wewe ulisimama peke yako mbele ya Pilato kwa ajili yetu. Uwatie nguvu leo wale wanaosukumwa na watu wao wenyewe. Uwainue walioanguka. Utufundishe kukataa bila chuki, na kusimama bila kiburi. Kwa kuwa sisi ni wako. Amina.