Malipo Yameingia, Seva Imezima: Je, Leseni Yako Iko Sawa?

Mwanachama wa sacco analipa mkopo kwa Paybill saa tatu usiku. Ujumbe unaingia kwenye simu, pesa imetoka. Asubuhi anapigiwa simu: bado hujalipa. Lawama hutujia sisi, na wakati mwingine ni haki. Lakini kuna chanzo kimoja ambacho wenye biashara wengi hawakifikirii, nacho ni leseni ya seva.

Iko hivi. Ukilipa, pesa inaingia kwenye akaunti ya Paybill, kisha mfumo wetu unatuma taarifa kwa seva ya sacco ili malipo yaandikwe kwenye jina lako. Seva ikiwa imezima, hakuna wa kuipokea. Pesa haijapotea, ni hesabu tu haijaandikwa.

Ofisi nyingi hutumia Windows Server. Fundi akiwa na haraka (au bajeti ikiwa ndogo, tuseme ukweli) huweka toleo la majaribio, ambalo Microsoft hulitoa bure kwa siku 180. Linafanya kazi vizuri hadi watu wanasahau. Siku zikiisha, seva huanza kujizima yenyewe kila baada ya saa moja. Unaiwasha, inazima tena, nawe unadhani ni stima.

Mwambie fundi aandike slmgr /xpr kwenye dirisha la amri. Itaonyesha kama leseni ni ya kudumu au itaisha lini. Ni kazi ya dakika moja.

Halafu kuna zile namba za herufi 25 zinazouzwa mtandaoni kwa bei ya kutupa. Namba si leseni. Windows Server hulipiwa kwa hesabu ya viini vya prosesa, na kiwango cha chini ni viini 16 kwa kila seva, hata kama mashine yako ina 8. Juu ya hapo, kila mfanyakazi au kifaa kinachoingia kwenye seva huhitaji leseni yake. Anayekuuzia namba hakuambii hayo.

Kwa Linux mambo ni tofauti. Red Hat huuza usajili wa muda; ukiisha, seva haizimi, ila masasisho ya usalama hayafiki tena. Kwa maoni yetu hilo ni baya zaidi, kwa sababu hakuna anayeshtuka. CentOS 7, iliyopendwa kwa kuwa ya bure, iliacha kupata masasisho tarehe 30 Juni 2024. Kama bado unaitumia, AlmaLinux na Rocky Linux ni za bure na zinafanana nayo.

Unapolipia leseni, lipa kwa Paybill au Till yenye jina la kampuni, na usome jina hilo kabla ya kuweka PIN. Ukiambiwa utume kwa namba ya mtu binafsi, simama hapo. Dai ankara ya eTIMS pia, maana tangu Januari 2024 KRA huitaka ili ikubali gharama hiyo. Tarehe ya kuisha iwekwe kwenye simu za watu wawili. Fundi akihama kazi, asihame nayo.

Na kama wewe ni mwanachama tu na malipo yako hayaonekani, usilipe mara ya pili. Wapelekee sacco ile kodi ya muamala iliyo kwenye ujumbe. Wataitafuta kwenye taarifa ya Paybill na kuiingiza kwa mkono.