Tulivyoshona Kanzu ya Zamani Nyumbani, na Tuliyojifunza



 

Katika maonyesho ya Maulidi madrasa ilitaka kila nyumba ilete kitu kinachoonyesha maisha ya wazee wetu wa mwambao. Sisi ni dada watatu wa nyumba moja. Tulichagua kushona kwa mkono kanzu ya darizi ya mtindo wa zamani, ili mdogo wetu wa kiume mwenye miaka 12 aivae siku hiyo. Tulidhani ni kazi ya siku mbili. Ilituchukua likizo nzima. Tumeona tuwaeleze wenzetu namna tulivyofanya na tulipokosea, huenda mtu akanufaika.

KANZU NA KITAMBAA CHAKE

Mavazi marefu si mageni katika pwani yetu. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikirimiwa nguo, na miongoni mwake mlikuwa na kanzu ya kitambaa cha Misri, joho na kilemba. Katika karne ya 19 kitambaa kilichoenea zaidi kilikuwa marekani. Jina hilo limetokana na nchi kilikotoka. Mwaka 1833 Sayyid Said bin Sultan alifunga mkataba wa biashara na Marekani, na majahazi makubwa ya mji wa Salem yakaleta pamba iliyofumwa huko na kuchukua pembe na sandarusi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilipopunguza bidhaa hiyo, vitambaa vya Uingereza na vya Bara Hindi vilichukua nafasi. Jina la marekani likabaki, na mpaka leo ukilitaja dukani utaeleweka.

Wazee hawakupima kwa mita. Walipima kwa shibiri, mkono, wari na pima. Mikono miwili ni wari moja, na mikono minne ni pima.

SEHEMU ZA KANZU

Tulipomuuliza Bibi, kwanza alitufundisha majina. Alisema, "Wajukuu zangu, msichokijua jina mtakipoteza." Badani ni kipande kikubwa cha mbele na nyuma. Taharizi ni vipande vya pembeni vinavyoipa kanzu upana chini. Kikwapa ni kipande kidogo cha mraba kinachowekwa chini ya mkono ili mtu aweze kuinua mikono bila kanzu kuchanika. Kaba ni kitambaa cha ndani kinachoimarisha shingo, na lisani ni ulimi unaofunika mpasuko wa kifuani. Mwisho ni darizi yenyewe, nakshi ya uzi inayozunguka shingo na kushuka kifuani.

NAMNA YA KUKATA

Tulipata marekani yenye upana wa sentimita 90. Urefu wa mdogo wetu kutoka begani hadi juu ya kifundo cha mguu ni sentimita 115. Badani hukatwa kipande kimoja kinachokunjwa begani, basi tulihitaji mara mbili ya urefu huo na sentimita 10 za pindo, yaani sentimita 240, kwa upana wa 50. Ukanda wa sentimita 40 uliobaki ubavuni ulitosha vyote vingine. Mikono miwili ilichukua urefu wa sentimita 92. Vipande viwili vya sentimita 20 kwa 90 vilikatwa mshazari kutoka pembe hadi pembe, tukapata taharizi nne. Kilichobaki kikawa vikwapa, kaba na lisani. Hapana kilichotupwa. Hapo tulifahamu kuwa wazee walikata hivi kwa sababu kitambaa kilikuwa ghali, nao walichunga wasifanye israfu, jambo tulilokatazwa katika Suratul Aaraf, aya ya 31.

MAKOSA YETU

Kanzu ya kwanza iliharibika kwa mambo matatu. Kwanza, hatukukifua kitambaa kabla ya kukata. Kanzu ilipofuliwa ilirudi kwa vidole vinne. Pili, tulikata shingo kubwa kwa pupa, kanzu ikawa inateremka begani. Tatu, tuliunga taharizi mshazari kwa mshazari, nao mshazari huvutika, basi kanzu ikaning'inia pembeni kama masikio ya mbuzi.

Kosa la nne ndilo lililotuumiza. Bibi alikuwa ametutolea sandukuni kanzu ya marehemu babu, aliyoirithi kwa baba yake, tuitazame tu. Ilikuwa na manjano ya miaka mingi. Sisi, bila ya kuomba ruhusa, tuliiloweka usiku katika maji yenye dawa ya madoa, tukitaka iwe nyeupe ili nayo ipelekwe kwenye maonyesho. Asubuhi tulipoinyanyua, bega lilipasuka mikononi mwetu.

Hatukuthubutu kusema. Tuliianua na kuikunja, tukairudisha sandukuni. Siku ya pili mkubwa wetu alishindwa kula, akaenda kumwambia. Bibi ana mtoto wa jicho, haoni vizuri, akaipapasa kanzu mpaka alipofika penye tundu. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Hii ndiyo aliyoivaa siku ya nikaha yetu." Hakutugombeza, na sisi tulitamani angetugombeza. Baadaye alituagiza tulete sindano na taa, akasema maadamu bega limeshafunguka tutazame ndani. Tukaona kaba lilivyowekwa na jinsi mishono ilivyopangwa midogo midogo, sawasawa. Tukalishona bega kwa kiraka, naye akikagua kila mshono kwa kidole gumba. Uliokuwa mbaya alisema, "Fumua." Kwa hivyo darizi ya kanzu ya pili tulifundishwa na mtu asiyeweza kuiona.

MAFUNZO

1. Kifue kitambaa, kianike na ukipige pasi kabla ya kukikata.

2. Shona kaba kwanza, kisha ukate shingo ndani ya mshono, tena ndogo. Shingo hupanuliwa, haipunguzwi.

3. Upande wa mshazari uunge na upande ulionyooka. Itundike kanzu usiku mmoja kabla ya kushona pindo.

4. Nguo ya zamani usiiloweke wala kuianika juani. Pima kwa uzi, chora kwenye karatasi, kisha irudishe mahali pake.

5. Darizi ya mwanamume tumia uzi wa pamba. Hariri wameharamishiwa wanaume, isipokuwa kiasi kidogo cha vidole viwili, vitatu au vinne, kama ilivyokuja katika hadithi ya Sayyidna Umar (R.A.) iliyopokewa na Muslim.

6. Ukikosea amana ya mtu, mwambie siku hiyo hiyo. Sisi tulichelewa usiku mmoja, nao ulikuwa mrefu.

Kushona si kazi ya kudharauliwa. Bibi Aisha (R.A.) alieleza kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akishona nguo yake mwenyewe. Basi enyi wenzetu, ikiwa nyumbani kwenu yupo mzee anayejua darizi, kofia au ukili, kaeni naye angali hai.

Siku ya maonyesho mdogo wetu aliivaa kanzu mpya. Ya babu ilibaki sandukuni pamoja na kiraka chake. Bibi aliomba tumwite mvaaji, akaishika shingo, akaipapasa darizi mpaka mwisho, akasema, "Hapa mmeruka mshono mmoja." Tulipotazama, ilikuwa kweli.