Simu Imejaa? Usikubali Kuwekewa Kisafishaji

"Fundi, nimefuta picha zote, mbona bado inasema imejaa? Niwekee ile programu ya kusafisha." Hapa Kangemi, kuanzia stejini kando ya Waiyaki Way hadi ndani sokoni, hakuna kibanda cha simu kisicholijua swali hili. Vingine vimeligeuza biashara: unalipa, unawekewa kisafishaji, mduara unazunguka kwenye skrini, unaambiwa takataka zimeondoka. Unaenda nyumbani umeridhika. Kesho kutwa simu imejaa tena na fundi anakusubiri.

Mimi siweki programu hiyo, hata ukinisihi. Tangu Android 6 ya mwaka 2015, Google ilizinyima programu za kawaida uwezo wa kufuta akiba ya programu nyingine, yaani zile faili za muda ambazo TikTok au Facebook hujiwekea. Kisafishaji ulichopakua hakina ruhusa ya kuingia humo. Ndiyo maana baadhi ya visafishaji hukuomba ruhusa iliyowekwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu, ili vikubonyezee vitufe. Ruhusa hiyo hiyo inaviwezesha kusoma yaliyo kwenye skrini yako, na wewe unaikubali haraka haraka ili mduara uzunguke! Tena akiba ikifutwa kweli, TikTok itaijenga upya jioni ukifungua video, kwa bando lako. Hicho kisafishaji chenyewe ni mgeni aliyekuja kukufagilia chumba akabaki na kitanda chake: kinakula nafasi, kinakuletea matangazo, kinazima programu ambazo simu italazimika kuziwasha upya huku betri ikiisha. Februari 2020 Google iliondoa dukani mwake programu karibu 600 kwa sababu ya matangazo ya kero, zikiwemo za Cheetah Mobile, kampuni iliyotengeneza Clean Master, kisafishaji kilichokuwa kimejaa kwenye simu za dunia nzima. Hilo lilitangazwa wazi. Bado naulizwa.

Na hapana, kinachojaza simu si virusi. Kwenye simu nyingi za Android, ule mstari wa "Mfumo" au "Nyingine" unaokutisha ni hesabu ya kutoa tu: simu inachukua nafasi yote iliyotumika, inaondoa picha, video, muziki na programu inazozitambua, na masalio yote inayarundika hapo.

Mzigo wenyewe kwa kawaida uko WhatsApp. Grupu la chama, la kanisa, la wazazi wa shule, la ploti. Kila moja na maua yake ya asubuhi na mahubiri ya dakika kumi. Video uliyotuma kutoka galari huacha nakala ya pili kwenye folda ya Sent, ambayo galari haikuonyeshi. Ujumbe wenyewe huhifadhiwa kila usiku, na nakala za siku hadi 7 hubaki ndani ya simu. Kuhusu zile picha "ulizofuta", kwenye simu nyingi ziko kapuni na zitakaa humo siku 30 zikiendelea kuchukua nafasi.

Basi fanya hivi. Mwaga kapu la galari. Ingia mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi, upange magrupu kwa ukubwa na ufute video kubwa kwanza, kisha uzime upakuaji wa video wa moja kwa moja. Futa filamu ulizopakua YouTube na Telegram. Ondoa programu usiyoifungua. Zima simu uiwashe. Ikishindikana, hifadhi picha na namba zako kwingine ndipo uiformati, na usimwachie fundi aformati kabla hujathibitisha kwamba nakala inafunguka. Kama simu ni ya GB 16, usijisumbue: mfumo na programu za kiwandani vimeshakula sehemu kubwa, na utakuwa unafuta kila wiki.

Memori kadi itasaidia kwa picha za kamera na muziki, ila WhatsApp itaendelea kujaza simu yenyewe. Ile ya GB 512 inayouzwa barabarani kwa bei ya chakula cha mchana iache. Kadi bandia huidanganya simu kuhusu ukubwa wake, inapokea picha bila kulalamika, na siku ya kuzitazama hazifunguki. Nunua unapopewa risiti, ijaze hadi mwisho siku hiyo hiyo, na ufungue faili za mwisho ulizoweka kabla hujaikabidhi picha za harusi.